Mwenye Mashine Ndiye Mwalimu

Nawasalimu mlioko barabarani, mlioko madukani, na hasa ninyi mlioko gereji na kwenye karakana, redio ikiwa imetundikwa kwenye msumari juu ya benchi la kazi, maana leo habari ni yenu. Nataka tuzungumze juu ya ujuzi na ajira: kwa nini kazi zinatangazwa na wenye kuziweza hawaonekani, na hapohapo watu wamejaa tele wanatafuta kazi na hawapati.

Kaa na mwajiri yeyote mnywe kahawa. Kabla kikombe hakijaisha atakuwa ameshakwambia, "Vijana wa siku hizi wana vyeti tu, kazi hawaijui." Kaa na kijana, naye atakwambia, "Nimesoma, nimemaliza, nimezunguka na bahasha mpaka soli za viatu zimekwisha. Kila ninakokwenda wananiuliza uzoefu. Nitaupata wapi na hakuna anayenipa kazi?" Hawa wawili hawapatani kwa mengi, lakini kwa hili wanapatana: wote wanakilaumu chuo. Mwajiri anasema chuo hakikumfundisha kijana kazi. Kijana anasema chuo kilimfundisha mambo yaliyopitwa na wakati.

Mimi sikuja kukitetea chuo. Vyuo vina upungufu wake na nitautaja. Lakini nina hoja moja, na nawaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjaanza kutuma ujumbe wa kunipinga. Anayelalamika kwamba wafanyakazi hawana ujuzi, mara nyingi ndiye aliyeshika vitu vinavyofundisha ujuzi huo. Mashine ni yake. Fundi mkuu ni wake. Kazi yenyewe iko kwake. Mlango wa karakana yake ukibaki umefungwa, hata tukijenga chuo kila kata, tutakutana hapa mwakani na malalamiko yaleyale.

Tuanze na kazi ambayo kila mmoja wetu ameiona: kuchomelea vyuma.

Pita Gerezani pale Dar es Salaam, au mtaa wowote wa mafundi mjini kwako. Utawakuta vijana wanatengeneza mageti na grili za madirisha. Wana mashine ya kuchomelea, wana grinda, wana rundo la skwea paipu na flati baa. Kijana anakata vipande vyake, anavilaza sakafuni, anapima pembe, anavigusa kwa moto hapa na pale ili vishikane, kisha ndipo anachomelea. Upande mmoja ukiisha anamwita mwenzake, wanaligeuza geti, anamaliza upande wa pili. Anapiga grinda, anapaka rangi, mteja anakuja kulichukua. Kama ndani ya ule mshono kulibaki kitundu, hakuna atakayekiona, na geti litalinda nyumba miaka na miaka.

Sasa mchukue kijana huyohuyo umpeleke kwenye bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Bomba lile lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 ziko Tanzania, kuanzia Kagera, kupita mikoa minane, mpaka baharini. Pale hakuna cha kumwita mwenzako mgeuze. Bomba limetulia, na anayezunguka ni fundi.

Wachomeleaji wa mabomba wana mtihani wao unaojulikana dunia nzima kwa jina la 6G. Kipande cha bomba kinafungwa kikiwa kimeinama nyuzi 45 na hakiruhusiwi kusogezwa. Fundi anaanzia chini kwa chini, moto ukiwa juu ya uso wake na chuma kilichoyeyuka kikitaka kumdondokea. Anapanda nao ubavuni, anamalizia juu, kisha anarudi upande wa pili. Mshono wa kwanza, ule wa ndani kabisa, lazima upenye sawasawa kuzunguka bomba zima. Usipopenya, kiungo ni dhaifu. Ukipenya kupita kiasi, ndani kunabaki vinundu. Kila tabaka linasafishwa kabla la pili halijawekwa juu yake. Akishamaliza, kazi yake inapigwa picha ya eksirei, au inakatwa vipande ambavyo vinakunjwa kwa mashine kuona kama vitapasuka. Rangi haisaidii kitu hapo. Vitundu vikizidi kipimo, amefeli.

Tena kabla hajawasha mashine amepewa karatasi ya maelekezo. Inamwambia atumie umeme kiasi gani, rodi ya aina gani, na chuma kipashwe moto mpaka wapi kabla ya kuanza. Zile rodi zinatunzwa ndani ya kijioveni zisishike unyevunyevu. Mtaani kwetu rodi zinakaa kwenye ndoo, na msimu wa masika hukaa humohumo kwenye ndoo.

Haya, msikilizaji, niambie: kijana wa geti na kijana wa bomba wanatofautiana nini? Mkono wanao wote, macho wanayo wote, na uzoefu huenda wa geti akawa nao mwingi zaidi. Ila mmoja alipata bomba la kujifunzia, akapata mtu wa kusimama nyuma yake, na akaonyeshwa picha ya eksirei ikimwambia, "Hapa, hapa na hapa hukufikisha moto." Wapo vijana wetu waliopewa nafasi hiyo na wakafaulu. Hawakuzaliwa na damu tofauti na wenzao wa Gerezani.

Tuhamie gereji. Wazee mtakumbuka fundi wa kabureta. Alikuwa anainama, anasikiliza injini, anageuza skrubu robo mzunguko, anasikiliza tena, gari linatulia. Sikio lake ndilo lililokuwa kipimo. Magari yakabadilika, mafuta yakaanza kugawanywa kwa amri ya kompyuta, na sikio peke yake likawa halitoshi. Leo taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, fundi anachomeka mashine ya kupimia kwanza. Asiye nayo anabahatisha: anabadilisha plagi, gari haliponi, anabadilisha sensa, haliponi, na gharama zote hizo ni za mwenye gari.

Kabla hata hilo halijazoeleka, imekuja gesi asilia. Magari na bajaji zinazotumia gesi zinaongezeka Dar es Salaam, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT, ni mojawapo ya wanaofunga mifumo hiyo. Sasa tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar mbili na ushee. Tangi la gesi lililo nyuma kwenye buti hujazwa mpaka bar 200. Nati ya bomba la gesi ile haikazwi kwa kukisia. Kila kiungo kinapimwa kama kinavuja, na baada ya kufunga mfumo fundi anakaa na kompyuta kupanga gesi iingie kwenye injini kwa kiasi gani. Fundi aliyeshika spana miaka 15 injini anaijua kuliko mimi na wewe. Kinachompungukia ni mambo machache: shinikizo la gesi, usalama wake, na ile kompyuta.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo tunapokosea sana. Tukisikia kwamba ujuzi haulingani na kazi, tunadhani pengo ni kubwa na dawa yake ni miaka minne ya shahada. Kwa watu wengi ambao tayari wako kazini pengo ni la wiki chache au miezi michache, kwa jambo mahususi, juu ya mashine mahususi. Hata shambani ni hivyo. Mkulima wa parachichi Njombe ambaye zamani alikuwa anatikisa mti na kuokota, leo akitaka tunda lake aina ya Hass lifike soko la nje, lazima ajue kulikata kwa mkasi na kuacha kikonyo, na kulichuma likiwa limekomaa lakini bado gumu. Hayo ni mafunzo ya siku kadhaa, na ndiyo yanayotenganisha tunda linaloingia kwenye kontena na tunda linalobaki sokoni Makambako.

Na msidhani hii ni habari ya wenye mikono ya grisi tu. Ofisini nako ni vilevile. Tangu Oktoba 2023 zabuni za serikali Tanzania zinapitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao. Afisa ununuzi mwenye shahada nzuri aliyoipata miaka 15 iliyopita, alisoma sheria, alisoma kanuni, lakini mfumo ule haukuwepo duniani. Na kule upande wa pili, fundi seremala anayetaka kazi ya kutengeneza madawati ya shule, naye lazima ajisajili na aombe humohumo. Randa anaijua, lakini kazi sasa inaanzia kwenye simu. Kwa hiyo ujuzi unazeeka. Wa shahada unazeeka na wa spana unazeeka, na hakuna cheti kinachotoa kinga.

Turudi kwa chuo, nilisema nitautaja upungufu wake. Ni kweli kwamba vyuo vingi vina mashine za zamani, walimu ambao hawajakanyaga kiwandani siku nyingi, na wanafunzi 20 wanaozunguka mashine moja ambayo mmoja anaigusa na 19 wanaangalia. Lakini hebu tuseme ukweli: hivi chuo kitanunua treni?

Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na ikafika Dodoma baada ya wiki chache. Inavuta umeme wa volti 25,000 na inakwenda mpaka kilomita 160 kwa saa. Dereva aliyezoea kichwa cha dizeli kwenye reli ya zamani alikuwa anatazama ishara zilizosimama kando ya njia. Kwa mwendo huu mpya ishara inamjia kwenye kioo kilicho mbele yake, ndani. Chuo cha Reli cha Tabora tunacho, na kinafanya kazi yake. Lakini treni iko relini, na waya wenye umeme uko juu ya reli. Mtu atajifunza palipo na kitu.

Wenzetu waliotangulia walilijua hili. Mashirika makubwa yalikuwa na vyuo vyao, reli Tabora na bandari Dar es Salaam. Viwanda vilikuwa vinachukua wanagenzi: kijana anakaa na fundi, anakwenda darasani kwa vipindi, kisha anafanya mtihani wa ufundi, daraja la tatu, la pili, la kwanza. Mzee aliyesema "mimi ni fundi Grade One" alikuwa anaheshimika mtaani, na mwajiri hakuwa na haja ya kumuuliza zaidi, maana ile Grade One haikupatikana kwa kukaa darasani. Miaka ya 1990 viwanda vingi vikabadilisha wamiliki na vingine vikafungwa. Tulihesabu ajira zilizopotea. Hatukuhesabu kwamba kila kiwanda kilichofungwa kilikuwa pia chuo kimefungwa.

Kwa upande wa shule nako tumewahi kupita njia hii. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 zilikuja shule za sekondari za michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Wengine wenu mlisoma Ifunda, Iyunga, Bwiru, Moshi au Tanga Ufundi, na mnakumbuka karakana zile. Mnakumbuka pia jinsi mashine zilivyoanza kukosa vipuri, moja baada ya nyingine, mpaka somo la ufundi likawa la kuchora ubaoni. Sasa tumerudi. Tangu Januari 2024 kuna mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya kazi, katika sekondari, na Sera mpya ya Elimu na Mafunzo ilizinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025. Serikali nayo ilianza kujenga vyuo vya ufundi stadi vya VETA katika wilaya 64. Ni hatua nzuri, nami naiunga mkono. Lakini majengo yatakamilika, mashine zitafungwa, na baada ya miaka 10 zitakuwa zimezeeka, kwa sababu duniani mashine hazisubiri bajeti ya wilaya. Shule ya amali isiyo na makubaliano na gereji, hoteli, kiwanda au shamba la jirani, mwisho wake tunaujua, tulishauona.

Najua waajiri mnaonisikiliza mna jibu. Mnasema, "Nikimfundisha huyu kijana kwa gharama zangu, mwezi wa saba anahamia kwa jirani yangu, jirani anavuna nilichopanda." Hofu hiyo ni ya haki, na nisingependa kuipuuza. Lakini ina majibu.

Jibu la kwanza: tayari mnalipa. Kila mwajiri binafsi Tanzania Bara aliyefikisha idadi ya wafanyakazi iliyowekwa na sheria anatozwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile mnayoiita SDL. Ilikuwa asilimia 6 ya mishahara, mwaka 2013 ikawa 5, ikaendelea kushuka mpaka mwaka 2023 ikafika 3.5. Kwa asilimia hiyo, kampuni yenye mishahara ya shilingi milioni 20 kwa mwezi inatoa 700,000. Makusudi ya tozo ya namna hii ni kuiondoa hofu yenu hiyohiyo: wote wachangie, wafundishwe wengi, na anayehama ahame kwa faida ya wote. Kwa miaka mingi, hata hivyo, theluthi moja tu ya fedha hizo ndiyo iliyokwenda VETA, na theluthi mbili zikaenda kwingine. Mwajiri kwa hiyo ana haki ya kusimama na kuuliza fedha yake imefundisha nani na wapi. Lakini nimewasikia waajiri wengi wakiomba tozo ishushwe. Ni wachache sana niliowasikia wakiomba irudi kwao katika sura ya mwanagenzi, mkufunzi au mashine ya kufundishia.

Jibu la pili: muulizeni huyo aliyehama kwa nini alihama. Mara nyingi alikwenda mafunzo, akarudi anafanya kazi ambayo zamani mlimwita mtaalamu kutoka mbali kuifanya, na mshahara wake ukabaki uleule wa mwaka wa kwanza. Jirani hakumwiba. Jirani alisoma thamani ambayo ninyi mliitengeneza mkakataa kuilipa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: ukitaka ujuzi ukae kwako, uinamie kidogo mfuko wako.

Na jibu la tatu ni la kawaida kabisa: andikishianeni. Mkataba wa mafunzo unaosema nitakusomesha hili, utanifanyia kazi muda huu, na ukimaliza mshahara wako utakuwa huu. Watu wazima wakikubaliana mapema hawagombani baadaye.

Sasa tutazame hayo matangazo ya kazi, kwa maana nusu ya tatizo imeandikwa humo. Utakuta tangazo linasema: awe na shahada, awe na uzoefu wa miaka mitano, asizidi umri wa miaka 28. Hebu tupige hesabu. Mtoto ameanza darasa la kwanza na miaka saba. Weka miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na sita, mitatu ya shahada: ana miaka 23. Ongeza mitano ya uzoefu: 28. Hesabu imetimia, ila kwa mtu ambaye hakusubiri matokeo ya mtihani hata mwezi mmoja, hakuugua, hakukosa mkopo, na aliajiriwa siku ya mahafali akiwa bado amevaa joho. Mtu huyo simjui. Kama mwajiri anamjua, na amwajiri.

Na kazi yenyewe ni ipi? Mara nyingine ni ya kutunza stoo. Mtunza stoo anatakiwa apokee mzigo na kuulinganisha na hati, ahesabu, aingize kwenye kompyuta, apange kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka, na atambue kabla ya wakati kwamba maboksi ya kona ile yanakaribia kuisha muda. Katika hayo yote, shahada inahitajika wapi? Umeweka shahada ili kupunguza wingi wa bahasha mezani, basi. Matokeo yake umemfungia nje binti wa kidato cha nne aliyeshika stoo ya duka la jumla Kariakoo miaka sita bila kupoteza katoni, ukampata mhitimu ambaye anaona stoo inamdhalilisha na ataondoka siku atakapopata ofisi yenye kiyoyozi. Halafu unasema watu hawana ujuzi! Ujuzi ulikuja mpaka getini kwako, mlinzi akauambia hauna cheti.

Huyo binti wa stoo, na fundi wa Gerezani, wana wenzao wengi. Nchi yetu imejaa watu waliojifunza kazi kwa kukaa kando ya mtu anayeijua, na hawana karatasi ya kuonyesha. Kwa ajili yao uko utaratibu wa urasimishaji ujuzi, unaoendeshwa na VETA na Ofisi ya Waziri Mkuu kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi. Nawaeleza unavyokwenda kwa sababu wengi hawaujui. Fundi anapimwa kwa kazi yake. Mtathmini anamtazama akiifanya, anamuuliza kwa nini umeanza na hiki na siyo kile, anaangalia vifaa na usalama wake. Hapo yanaonekana mawili: anayoyajua, ambayo hana haja ya kufundishwa upya, na anayopungukiwa. Mwashi anaweza kuwa anajenga ukuta ulionyooka kama rula na hawezi kusoma mchoro. Fundi umeme anaweza kuwa anafunga nyaya nyumba nzima na hajui kupima kama waya wa ardhini unafanya kazi. Anafundishwa lile pengo tu, kisha anapewa cheti.

Wenzetu wa Kenya nao, mafundi wa jua kali, wanaweza kwenda kupimwa kwa mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, na kupanda daraja baada ya daraja. Ni njia inayomheshimu mtu aliyejifunza kwa jasho. Inamheshimu pia mwajiri, kwa sababu inamwambia huyu anaweza nini, badala ya kumwambia alikaa darasani miaka mingapi.

Nanyi vijana, msidhani nimewasahau kwa kuwa leo nimewakalia kooni wakubwa. Wasifu wako unaoandika "ni mchapakazi na ninaweza kufanya kazi katika mazingira magumu" haumwambii mwajiri lolote, maana kila mtu ameandika hivyohivyo. Mwambie umefanya nini kwa mikono yako. Umefunga mfumo wa umeme wa jua nyumba ya vyumba vinne kijijini kwenu? Andika ulitumia paneli gani, betri gani, na mteja bado anawasha taa. Piga picha za kazi zako, kabla na baada. Umekuwa ukitunza hesabu za kikoba cha mama zako? Hiyo ni kazi, iandike: wanachama wangapi, mikopo inatolewaje, vitabu vinafungwaje mwisho wa mwaka. Na ukipata nafasi ya kujitolea mahali, usikubali kugeuzwa mtu wa kutumwa vocha na chipsi. Omba uonyeshwe mashine. Ukinyimwa mwezi mzima, ujue hapo hakuna mafunzo, kuna utumishi wa bure.

Hata ninyi mafundi wakuu wa gereji za mtaani, nina neno. Ninyi ndio chuo kikubwa kuliko vyote katika nchi hii, na hamna hata kibao mlangoni. Yule kijana mnayempigia kelele "lete spana namba 14" anajifunza, lakini anajifunza kwa kuiba kwa macho. Wapo wanaoficha ujuzi kusudi: wakifika mahali pa siri wanamtuma kijana akanunue maji. Hofu yao ni ileile ya mwenye kampuni, kwamba atajua, atafungua gereji ng'ambo ya barabara. Atafungua, ndiyo. Lakini gari la gesi litakapokuja gerejini kwako wewe mwenye miaka 55, yule kijana uliyemfundisha vizuri ndiye utakayempigia simu.

Basi nimalizie kwa waajiri, nilioanza nao. Siwaombi mjenge vyuo. Nawaomba mambo matatu ambayo mnaweza kuyaanza Jumatatu ijayo. Kabla ya kuandika tangazo la kazi linalofuata, mwiteni mtu anayeifanya kazi hiyo sasa, mwulizeni anafanya nini kutoka asubuhi mpaka jioni, na tangazo liandikwe kutokana na majibu yake. Pili, kila mashine mpya mnayoinunua, bei yake ijumlishe na fedha ya kufundisha watu wawili kuitumia, na mmoja wa hao wawili awe mwanagenzi. Tatu, mwende kwenye chuo kilicho karibu nanyi, cha VETA, cha maendeleo ya wananchi, au sekondari yenye mkondo wa amali, mmwambie mkuu wake: nileteeni mwalimu wenu akae karakanani kwangu wiki mbili wakati wa likizo. Mwalimu mmoja akishika mashine yako, atarudi nayo kichwani kwa wanafunzi 40 kila mwaka, na hutakuwa umepoteza hata nati moja.

Mkiyafanya hayo mkaona bado vijana hawafai, leteni malalamiko yenu hapa studio, nami nitawasomea hewani neno kwa neno. Mkiwa hamjayafanya, kwa kweli sina la kuwasaidia.